Tawi la Manzese Lilipokuwa na Wenyewe

Siku Nurdin alipoacha kazi benki, hakuna aliyemuaga. Ilikuwa katikati ya wiki, foleni imefika mlangoni, na Marietha alikuwa akimhudumia mama mmoja muuza nyanya aliyepoteza kadi yake sokoni. Alipoinua macho akakiona kiti cha dirisha la jirani kitupu. Akadhani mwenzake kaenda kuswali. Adhuhuri ikapita, foleni ikapungua, kiti bado kitupu, na lile koti la kijivu ambalo Nurdin alilitundika nyuma yake miaka yote halikuwepo.

Mlinzi wa mlangoni, Kornelio, akajongea taratibu kama mtu anayekuja kuuliza saa.

"Dada, mwenzio kaondoka," alinong'ona. "Katoka na mfuko wa rambo tu. Kasema nikupe salamu. Anasema asingeweza kuja dirishani kukuaga, angelia mbele za wateja."

Marietha alishukuru, akabonyeza kitufe cha kumwita mteja mwingine. Siku ile yote alifanya kazi kwa mikono tu, moyo haukuwepo.

Walianza pamoja, yeye na Nurdin, katika tawi hilo la Manzese la Benki ya Mwambao, miaka ile Barabara ya Morogoro ilipokuwa ikichimbuliwa kupisha njia ya mabasi ya mwendokasi na vumbi likiingia mpaka kwenye mashine za kuhesabia noti. Marietha ni Mngoni wa Songea, Nurdin Mngindo wa Liwale, kwa hiyo ni watani, na utani wao haukujua likizo. "Nyie Wangoni mlitujia na mikuki," Nurdin alikuwa akimwambia asubuhi, akimwona anapanga mihuri yake mezani. "Sasa mnatujia na mihuri." Naye Marietha humjibu bila kugeuka, "Na bado mnakimbia."

Meneja wao wakati huo alikuwa Abid Mohamedraza, mtu mfupi wa kitambi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Familia yake walikuwa Wahindi wa Kishia waliofungua duka Lindi tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko, laini, chenye kuvutavuta maneno. Mteja mgeni akimwanza kwa Kiingereza, yeye humkatisha: "Mwanangu, hicho tuwaachie watu wa Posta, mjini. Sema una shida gani." Watu wa Kusini waliojaa Manzese, wachongaji wa vinyago, wauza korosho, mafundi wa makochi, walimwita mtu wa nyumbani.

Nyuma ya kaunta, ukishapita stoo ya makabrasha, palikuwa na chumba cha chai. Chenyewe hakikuwa na la kusifiwa. Dirisha lake lilitazama ukuta wa gereji, benchi zake zilikwaruza suruali za watu, na birika la umeme lilikuwa halichemshi mpaka lipigwe kibao. Lakini tawi lilikuwa likiishi mle. Ikifika saa saba walikula kwa zamu, maana madirisha hayafungwi yote, na chakula kiliwekwa katikati: kisamvu cha karanga cha Marietha, samaki wa kukaanga wa Nurdin, ndizi za maharage za Atuganile, afisa mikopo, Mnyakyusa mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Abid alileta kachori alizokaanga mkewe, Zoya. Alinawa maji ya kopo kama wengine, akajibana benchini, na mtu akithubutu kutaja mikopo au malengo ya mwezi alifukuzwa akale kaunta.

Mwezi wa Ramadhani Wakristo walishika zamu za jioni ili waliofunga wawahi futari. Noeli na Pasaka, Nurdin na wenzake wakailipa fadhila bila kukumbushwa. Siku za Muharramu, Abid alikuja amevaa nyeusi, akaondoka mapema kwenda msikitini mjini, na hakuna aliyechukulia kuondoka kwake kuwa nafasi ya kutega kazi. Kwa kweli siku hizo ndizo walizofunga hesabu mapema zaidi, kwa kuogopa aibu ya kumwangusha.

Mshahara wao haukuwa mkubwa. Hilo lisemwe wazi. Mabenki makubwa ya mjini yaliwajia, yakawaahidi zaidi, na wengi walisikiliza wakakataa. Atuganile peke yake ndiye aliyekwenda. Alipata kazi kwenye jengo la vioo Posta, akawaaga, akapikiwa pilau. Kabla mvua za vuli hazijakatika alikuwa amerudi, amesimama mlangoni kwa Abid akichezea mkanda wa mkoba.

"Wamekufukuza?" Abid aliuliza.

"Hapana, mzee. Wananilipa vizuri tu."

"Sasa?"

"Kule hakuna mtu wa kukuuliza umeamkaje." Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nimekaa pale, hata jina langu wanalikosea. Wananiita Atu, kama nusu mtu."

Abid alivaa miwani, akamtazama, akaivua. Jioni ile alikwenda makao makuu mwenyewe kumtetea. Atuganile akarudishwa, kwa mshahara uleule wa zamani, na siku aliyoingia tena chumba cha chai Nurdin alimpigia makofi juu ya meza mpaka birika likaanguka.

Na kulikuwa na lile ambalo Marietha halisahau. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Albano, likizo ya uzazi iliisha kabla mtoto hajazoea maziwa mengine. Mtoto alibaki nyumbani Kiwalani na shangazi yake, akilia hadi sauti inakauka, na Marietha dirishani blauzi inalowa mbele za watu. Hakumwambia yeyote, aliona haya. Siku moja baada ya kazi akasikia kishindo stoo. Alipochungulia akamkuta Abid amekunja mikono ya shati, anaburuta maboksi ya makabrasha, jasho linamtiririka, vumbi limemjaa nywele.

"Mzee, si ungewaita vijana?"

"Vijana watauliza maswali," Abid alisema, akihema. "Zoya kaniambia. Kakuona jana alipokuja, akanigombeza njia nzima. Eti nimekuwa meneja wa watu nisiowaona." Akaonyesha kona aliyoiondolea maboksi. Palikuwa na kiti cha kuegemea, na kanga imetungikwa kwenye kamba badala ya pazia. "Mama Albano, mlete mtoto hapa saa nne na saa nane. Nani atakuuliza?"

Tangu hapo shangazi mtu alimleta Albano benki, na mtoto alikua akipakatwa na kila mtu. Neno lake la kwanza, Nurdin huapa mpaka leo, lilikuwa "foleni."

Basi Abid alistaafu. Walimuaga vizuri, kwa pilau na machozi na hotuba ndefu ya Nurdin isiyoeleweka mwanzo wala mwisho, na makao makuu wakamleta Elibariki.

Elibariki hakuwa mtu mbaya. Marietha alijilazimisha kulisema hilo hata siku alizokuwa na hasira naye. Alikuwa kijana wa Kimeru, mrefu, msafi, msomi, mke wake akifanya kazi Dodoma, na alikuja na maagizo. Tawi la Manzese lilikuwa nyuma, aliambiwa, watu wamejisahau. Wiki ya kwanza akaning'iniza ubao wenye picha za wafanyakazi, walioleta wateja wengi juu, waliozembea chini, wa mwisho kabisa akizungushiwa duara jekundu. Wiki iliyofuata akaanzisha kikao cha asubuhi, kila mtu amesimama, kila mtu anataja malengo yake kwa sauti. Halafu mafundi wakaja, wakaondoa benchi na meza na birika bovu kwenye chumba cha chai, wakaweka kapeti, kochi la ngozi na kiyoyozi. Mlangoni pakabandikwa kibao: Wateja Maalumu.

"Na sie tutakula wapi?" Atuganile aliuliza.

"Kuna migahawa mingi mtaani, dada," Elibariki alijibu kwa upole. "Mnapewa nusu saa."

Nusu saa ya kutoka, kuagiza, kusubiri na kurudi! Watu wakaanza kula wamesimama stoo, kila mmoja na kontena lake, amegeukia ukuta. Ile kona ya kanga ikajazwa maboksi tena. Atuganile aliondoka kabla ya mwaka kwisha, na safari hii hakurudi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Walioletwa badala yao walikaa miezi wakahama. Marietha alikuwa hajamaliza kulijua jina la mtu, tayari mtu kaondoka. Wateja wa zamani walisimama dirishani wakiuliza, "Yule mcheshi yuko wapi? Na yule mwenye kicheko?" Naye akawa anajibu kama mtu anayepokea rambirambi.

Yeye na Nurdin walibaki. Walikuwa wakiambiana kwamba hali itarudi, mameneja huja wakapita, mtu ambaye babu zake waliwavumilia wakoloni hashindwi na ubao wa picha. Kumbe Nurdin naye alikuwa amechoka, ila utani ulimfichia uso.

Baada ya Nurdin kuondoka, aliyekaa dirisha la jirani alikuwa Recho, binti mpole wa Masasi aliyetoka likizo ya uzazi muda si mrefu. "Shikamoo, dada," alikuwa akimwamkia Marietha kila asubuhi, na mazungumzo yao yakaishia hapo, kwa kuwa kikao kilikuwa kinaanza.

Siku moja, saa nne na ushei, Marietha aliingia chooni akasikia kilio cha kubanwa. Mlango wa ndani haukufungwa vizuri. Recho alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha choo, blauzi wazi, chupa mkononi, anakamua maziwa yanayomwagikia vidole huku machozi yanadondoka.

"Recho! Unakamulia chooni maziwa ya mtoto?"

"Nikayakamulie wapi, dada? Stoo kuna watu wanakula. Nimeomba ruhusa ya kuwahi nyumbani, nimeambiwa niko kwenye duara jekundu." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nimeshayamwaga mara nyingi. Nayaonea kinyaa, nitampaje mtoto?"

Marietha alisimama pale, na harufu ya dawa ya choo ikamwingia puani pamoja na harufu ya maziwa. Akaona Abid akiburuta maboksi. Akaona kanga kwenye kamba. Hakufikiri tena. Alimshika Recho mkono, akampitisha nyuma ya kaunta, akafungua chumba cha Wateja Maalumu, akamketisha kwenye kochi la ngozi, akazima kiyoyozi kisimpige kifuani. Kisha akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo uliokuwa kitasani, akasimama mbele yake.

Haikupita muda Elibariki akaja, akimwongoza Mzee Romani, mwenye maghala ya nondo, mteja mkubwa kuliko wote wa tawi.

"Dada Marietha, tafadhali tupishe."

"Meneja, nisamehe. Ndani kuna mtu."

"Mteja gani?"

"Si mteja. Ni mwenzetu anakamua maziwa ya mtoto wake. Mngojeni kidogo amalize."

Elibariki alibadilika rangi. Dirishani watu walikuwa wamegeuza shingo. "Fungua huo mlango," alisema, sauti imeshuka.

"Sifungui."

Mzee Romani akakohoa. "Meneja, mie ninao wajukuu," alisema. "Nipe kiti hapahapa kwenye foleni. Kwani nani kasema nondo zina haraka kuliko mtoto?" Akavuta kiti cha plastiki, akakaa katikati ya wauza nyanya na mafundi wa makochi, na baadhi yao wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma Elibariki zaidi.

Mchana alimwita ofisini. Hakumkaribisha kiti, kisha akakumbuka, akamkaribisha.

"Umenidhalilisha mbele ya wateja."

"Kama nimekukosea adabu, naomba radhi," Marietha alisema. "Lakini mlango nisingeufungua. Meneja, wewe umeshawahi kujiuliza kwa nini watu wanaondoka hapa?"

"Wanafuata mishahara. Soko ndivyo lilivyo."

"Nurdin kafungua kibanda cha uwakala wa kutuma pesa Vingunguti, karibu na machinjio, anashinda na nzi na harufu ya damu. Huo mshahara gani aliokimbilia?"

Elibariki alizungusha kalamu vidoleni, akatazama simu yake iliyokuwa ikitetemeka mezani bila kukoma. "Makao makuu hao," alisema mwishowe. "Tangu asubuhi. Kila tawi linataka kuwa juu ya jingine. Unadhani mie sina ubao wangu, dada? Ninao, huko kwao. Nami nimo ndani ya duara." Akaigeuza simu kifudifudi. "Toka nije hapa sijala chakula cha mchana na mtu yeyote."

Marietha alimwonea huruma, na huruma ile ilimshangaza. Hata hivyo jioni alipewa karipio kwa maandishi, maana habari ilikwisha kufika juu.

Hakuacha kazi kwa hasira. Alikaa na karipio lake wiki kadhaa, akienda na kurudi, akimficha Recho stoo nyuma ya maboksi aliyoyasogeza mwenyewe. Lakini kila asubuhi alipoingia alijikuta akiwatafuta kwa macho watu ambao hawapo: kicheko cha Atuganile, koti la kijivu, miwani kwenye kamba. Akatambua kwamba miaka yote ile hakuwa akibaki benki. Alikuwa akiwabakia wao, nao walikwisha kuondoka. Aliyesalia ni yeye na ukuta. Akaandika barua ya kuacha kazi. Makao makuu wakapiga simu kumwahidi nyongeza, sauti ya kike yenye adabu sana, na Marietha akaisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakataa.

"Tukuandikie sababu gani?" sauti ikauliza.

Marietha alifikiri. "Andika nimechoka kula nimesimama," alisema.

Akapata nafasi kwenye chama kidogo cha kuweka na kukopa Tandika, Temeke. Kabla hajaanza, mumewe, Augustine, akamwambia, "Nyie watu mmeachana kama wezi, kila mmoja kwa mlango wake. Waite basi muagane." Ndivyo ilivyokuja ile Jumapili ya Kiwalani.

Walikuja wote, na wake na waume zao. Ua ulikuwa mdogo, viti viliazimwa kwa majirani, Augustine akachoma nyama, Marietha akapika kisamvu kama cha zamani. Abid alikuja na Zoya, amekonda, anatembelea fimbo, kitambi chote kimekwenda. Atuganile alipomwona alilia kwanza, kisha akamcheka: "Mzee, umetuacha sie, na tumbo nalo limekuacha!" Albano, sasa mvulana wa darasa la sita, alipelekwa kusalimia, akatoa shikamoo kwa kila mtu, akaulizwa na Nurdin kama bado anapenda foleni, asielewe.

Recho alifika na mtoto mgongoni. Nyuma yake, bila tai, kabeba kreti la soda, alikuwa Elibariki.

Watu wote wakageuka. Recho akaanza, "Dada, aliniuliza ninakwenda wapi, nikashindwa kumdanganya." Elibariki alisimama na kreti lake, hajui pa kuliweka. Marietha ndiye mwenye nyumba, watu walikuwa wakimtazama yeye.

"Karibu, meneja," alisema. "Weka soda pale kivulini. Nawa mikono, chakula kiko tayari."

Alikula akijibanza mwisho wa mkeka, na watu wakamzoea kidogokidogo kama wanavyozoea mvua. Walipomaliza, akamsogelea Abid.

"Mzee, naomba nikuulize. Hawa wote wangekufuata mpaka motoni. Ulikuwa unafanyaje?"

Abid alicheka mpaka akakohoa. "Kijana, usinitafutie ukubwa nisio nao. Wapo na mie walioniacha, waulize, Kariakoo nilikuwaga na tawi likanikimbia lote. Hapa Manzese nilikuwa nimeshazeeka, siwezi kula peke yangu, basi. Kwetu Lindi tulikuwa wengi, sinia moja." Akaegemea fimbo yake. "Na wakati wangu simu ya makao makuu ilikuwa hailii kila saa. Lako ni gumu kuliko langu. Sitakudanganya."

Elibariki akaitikia kwa kichwa. Alisema ameuondoa ule ubao wa picha. Kuhusu chumba cha chai amepeleka maombi, bado hajajibiwa. Hakuna aliyempongeza, ila Zoya alimpa kachori nyingine bila kumuuliza kama anataka.

Jua lilikuwa limeinamia upande wa Vingunguti. Marietha aliketi kizingitini, mtoto wa Recho amemlalia mapajani, akiwatazama. Kesho angekwenda Tandika kwa watu asiowajua hata mmoja, na moyo ulimwuma, na wakati huohuo ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo haukuwa kwa muda mrefu. Nurdin alikuwa amesimama katikati ya mkeka akisimulia siku umeme ulipokatika tawini na Atuganile akajifungia chumba cha fedha kwa makosa, anaigiza kila mtu kwa sauti yake. Mara ndege ikapita juu yao, chini kabisa, ikielekea uwanjani, na mabati yote ya Kiwalani yakatetemeka. Watu wa mtaa ule wamezoea. Husimama tu na maneno yao mdomoni mpaka ipite. Nurdin akaganda, mkono hewani, na wote wakangoja wakimtazama.

Ndege ilipopita akashusha mkono, akajikuna kichwa. "Ee bwana, nilifika wapi?"

Wakaangaliana, wanacheka, hakuna anayekumbuka.

"Ulifika pale Dada Atuganile alipoanza kugonga mlango kwa ndani," Elibariki akasema kutoka mwisho wa mkeka, "na mzee akadhani ni wezi."

Nurdin alimgeukia, akamtazama kitambo. "Haya," alisema. "Sogea huku usikie vizuri. Basi mzee akadhani ni wezi..."